Redio ya Moyo Kwenye Kifua cha Babu

Jumatatu, 6 Mei

Nimerudi kazini. Mapokezi mabaya! Nilitegemea karakana nzima ya makochi isimame, nyundo zishushwe, walau mtu mmoja afute chozi. Fundi Mkuu aliinua macho kidogo, akauliza kama nimekuja na koleo langu.

Kwa faida ya vizazi vitakavyosoma shajara hii: moyo wangu ulikuwa na kasi kuliko mwili. Ulikuwa unatoka mbio wenyewe, bila kufukuzwa, hata nimekaa zangu nakunywa chai. Daktari akapitisha waya kwenye mshipa wa paja, ukapanda mpaka moyoni, akachoma kijisehemu kilichokuwa kinaleta fujo. Wa paja! Nikamwuliza kwa nini asianzie kifuani, maana ndiko karibu. Akasema hiyo ndiyo njia. Shule niliiacha mapema, lakini njia ya mkato nikiiona naijua.

Sasa niko fiti kama chuma. Ila Daktari ametia ngumu. Kutembea, ruksa. Kukimbia, bado. Kubeba makochi, bado. Mpira, nisiutaje. Kwanza wapime mapigo yangu nikiwa kwenye maisha ya kawaida, waone kama fujo imeisha kweli. Eti nirudi kwenye mazoezi polepole. Polepole! Mimi! Winga wa kushoto ninayewaacha mabeki wakitafuta mkufu shingoni kama bado upo!

Jumamosi tunacheza na timu ya kiwanda cha mikate. Jezi namba kumi na moja ni yangu, kila mtu anajua. Leo nimeikuta kwenye kamba, imelowa jasho la mtu mwingine. Jasho la Mguu wa Meza! Huyu ni mwenzangu karakanani, kazi yake kupaka vanishi. Miguu yake imenyooka moja kwa moja, goti hulioni lilipo. Akanipiga piga begani, akanipa pole, akasema nisijali kabisa, jezi inamkaa. Inamkaa wapi? Tumbo linachungulia nje!

Fundi Mkuu, ambaye ndiye kocha pia, akatangaza mbele ya wote kwamba bila ruhusa ya daktari sikanyagi uwanja, maana wiki hii hana nafasi ya kunizika, ana oda ya makochi ya hoteli. Wakacheka mpaka gundi ikakauka kwenye brashi. Nikapewa kazi ya kung'oa pini kuukuu kwenye viti. Kazi ya kukaa! Mtu kama mimi!

Jumanne, 7 Mei

Mazoezi ya hospitali. Nilidhani nitakuta ukumbi wenye vyuma na vioo, nijione vizuri. Kumbe ni ua wa nyuma, kati ya chumba cha kufulia na maegesho ya magari, tunazunguka mstari wa njano uliochorwa chini. Wenzangu wote ni wazee. Nikamwuliza muuguzi kama nimekosea mlango. Akapuliza filimbi, akasema sijakosea.

Muuguzi huyu ni mama mfupi asiyecheka ovyo. Kanuni yake ni moja: tembea kwa kasi ambayo bado unaweza kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Nikamwambia mimi sijawahi kushindwa kumaliza sentensi tangu nizaliwe. Akasema ameshaliona hilo.

Nikachomoka. Mzunguko wa kwanza niko mbele peke yangu, nawahutubia wazee kuhusu mabao yangu. Mzunguko wa pili sentensi zikaanza kukatika mikia. Baada ya hapo nikabaki na "eee" tu, hata bao lenyewe nimesahau lilifungwaje. Bibi mmoja mwenye raba nyeupe akanipita huku anamsimulia jirani yake harusi ya mjukuu wake, kuanzia kadi za mwaliko mpaka nani alinuna na kwa nini. Hakuhema! Alipofika usawa wangu akasimamisha harusi, akaniita baba, akanishauri nikakae kivulini. Halafu akaiendeleza harusi pale pale alipoiachia.

Nilisema kiatu kinabana. Nilikuwa nimevaa ndala.

Kisha muuguzi akanibandika kidude kifuani. Kidogo kama kiberiti, kina kitufe katikati, kinarekodi kila pigo la moyo. Mimi nakiita redio. Nikae nacho mpaka Jumatatu. Nikihisi moyo unaruka, nibonyeze kitufe. Mapigo yakiwa yametulia, Daktari ataniruhusu kuanza kukimbia kidogo kidogo. Nikifanya ujanja, redio itasema yote. Hilo la mwisho alilisema ananitazama mimi tu, wazee wote wapo. Kwa nini mimi tu?

Jumatano, 8 Mei

Nimepata! Kichwa hiki kingezaliwa kwa matajiri kingekuwa na ofisi.

Redio inataka moyo uliotulia. Nani katulia kuliko Babu? Tunaishi kwa Shangazi, nyumba ya chini kabisa ya jengo. Babu alikuwa mpeleka barua wa posta. Anadai alizunguka mji mzima kwa miguu, na tangu astaafu anapumzisha miguu hiyo. Kiti chake kipo koridoni mbele ya ngazi, anatazama nani anapanda na nani anashuka. Hasogei. Shangazi, mwanawe mwenyewe, anafagia kumzunguka.

Mpango basi. Redio kwa Babu, mimi uwanjani. Mapigo ya Babu yatamwonyesha Daktari kijana mpole, mtiifu, asiyeruka hata dimbwi. Fundi Mkuu nitamweleza kwamba Daktari kasharuhusu kwa mdomo. Naurudisha mguu wangu wa kushoto kwa taifa.

Kumshawishi Babu kulihitaji akili. Angejua ni kipimo changu cha hospitali angekataa. Nikamwambia hiki ni chombo kipya, kinapima kama mzee bado ana moyo wa kijana. Akauliza matokeo yataonwa na nani. Nikasema hospitali nzima, na huenda yakabandikwa ukutani. Akavua shati kabla sijamaliza.

Tatizo likawa kifua chenyewe. Kile si kifua, ni zulia. Gamu ya redio ikagoma kushika, chombo kikadondokea kwenye kikombe cha chai. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi ni fundi! Nikatoa gundi ya makochi, ile ya njano inayoshika sponji kwenye mbao, nikapaka, nikapuliza, nikakandamiza. Ile gundi imekalisha wanene wa kila aina na haijawahi kuachia. Babu akasema inawasha kidogo. Nikamwambia hiyo ni dalili kwamba inasoma.

Ijumaa, 10 Mei

Nimefanya mazoezi ya siri nyuma ya karakana, saa ya chakula. Kukimbia kutoka kwenye rundo la mbao mpaka tangi la maji na kurudi. Kwenda nilikwenda. Kurudi nilirudi kwa kushika ukuta. Ni joto tu. Moyo ulikuwa salama kabisa, haukutoka mbio wenyewe. Miguu ndiyo ilikuwa inatetemeka kama meza ya hotelini.

Mguu wa Meza akanifuma nimeinama nahema. Akauliza kwa upole kama Fundi Mkuu anajua. Nikamwambia natafuta pini. Akasema vizuri, basi nikimaliza kutafuta pini nimpigie msasa viti vyake vyote vya leo, ili ulimi wake usimponyoke. Nimepiga msasa mpaka kucha zimelainika. Jitu lina roho mbaya, na jezi yangu kaivaa tangu asubuhi. Kazini!

Nyumbani, Babu anachekesha. Nimemkuta kasimama. Kachana nywele, kavaa shati la kola, anapiga mluzi. Yule mama mjane wa ghorofa ya tatu akanisimamisha ngazini, akaniambia nina babu muungwana sana, siku hizi haruhusu mtu abebe ndoo yake mwenyewe. Nikamjibu ndiyo, ukoo wetu uko hivyo. Sikuelewa anaongelea nini, ila sifa huzikatai.

Shangazi anauliza kwa nini korido inanuka kiwanda.

Jumamosi, 11 Mei

Nitaeleza yaliyotokea uwanjani kwa usahihi, kwa sababu najua mtaani yatapotoshwa.

Nilimwambia Fundi Mkuu kwamba Daktari ameruhusu kwa mdomo. Akauliza mdomo wa nani. Nikasema wa Daktari. Akasema basi Daktari alete huo mdomo hapa. Nikakalishwa kwenye benchi na ndoo ya maji, niwe nagawa vikombe. Mguu wa Meza akafunga bao la kwanza. Kwa goti! Goti ambalo hana! Akaja kunywa maji mbele yangu taratibu, akaniambia maji matamu.

Kipindi cha pili kiatu chake kikachanika, akatoka nje ya mstari kukifunga kamba. Nikaona upande wa kushoto uko wazi. Nchi inaniita. Nikaiacha ndoo, nikaingia.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Mpira ulinijia wenyewe, nikampiga chenga mkandaji unga mmoja wa timu ya mikate mpaka akaanguka. (Alikuwa anafunga kamba za viatu, lakini alianguka.) Nikakimbia. Lango likawa linakuja, linakuja, halafu likaacha kuja. Miguu ikaisha. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama mtu kanitoa sponji na kuacha kitambaa. Nikaona cha busara ni kuulinda mpira. Nikaukalia.

Ilikuwa mbinu! Refa hakuielewa. Akapuliza, akatuhesabu, akakuta tumezidi mmoja, maana Mguu wa Meza alikuwa kasharudi. Watu wa mikate wakapewa mpira, wakaupiga pale pale nilipokaa, ukapita juu ya kichwa changu, ukabingirika mpaka wavuni kwetu. Sare. Fundi Mkuu hakunitukana. Alinitazama tu kama mtu anavyotazama mbao iliyoliwa na mchwa. Afadhali angenitukana.

Hata hivyo, kwenye redio mimi leo nilikuwa nimekaa kitini nimetulia tuli. Hapo ndipo nilipowashinda wote.

Jumatatu, 13 Mei

Redio imegoma kutoka kifuani kwa Babu. Nilivuta taratibu, ikaja na ngozi. Nikaingiza kisu cha sponji, Babu akakataa kisu. Mwishowe nikamwambia atazame pale, mjane anashuka. Akageuka. Nikavuta.

Sauti aliyotoa iliwafanya watu wa ghorofa zote wafungue milango. Mjane akashuka kweli. Babu, machozi yanamtoka, akamwambia hajambo kabisa, alikuwa anaimba.

Hospitalini muuguzi akaipokea redio, akainusa, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na gundi ya njano na nywele za kutosha kushona brashi. Nyeupe. Akanitazama kifua, ambacho ni laini kama sahani. Akauliza hizi mvi ni za nani. Nikamwambia ni zangu, zilitoka kwa mawazo, na zimeshaondoka. Akasema ahaa. Sipendi ahaa yake.

Jumanne, 14 Mei

Simu kutoka hospitali, asubuhi. Niende upesi. Niende na mtu mzima. Nikaenda peke yangu, mtu mzima ni mimi.

Daktari alikuwa na karatasi ndefu mezani, milima na mabonde. Muuguzi kakaa pembeni kakunja mikono. Daktari akasema mapigo yanakwenda ovyo, hayana mpangilio, kila siku kuna saa ambazo moyo unaruka kama kuku aliyekoswa na kisu. Na kitufe nimekibonyeza kila siku asubuhi na jioni, kwa nguvu, nilikuwa nafanya nini saa hizo?

Mimi nitajuaje! Nikasema nilikuwa nawaza. Akauliza nawaza nini kila siku saa ile ile. Nikasema mustakabali. Muuguzi akakohoa.

Daktari akainama mbele. Akasema hili si la kuchezea. Damu ikizubaa kwenye moyo unaotetemeka hivi inaweza kuganda, bonge likapanda kichwani, mtu akaamka mdomo umekwenda upande. Au asiamke. Kwa hiyo keshokutwa narudi kitandani, waya tena, paja lile lile.

Nikajishika moyo. Ukanidundia vizuri tu, du, du, du, hauna hili wala lile. Hapo ndipo nikakumbuka. Ule kwenye karatasi si wangu.

Nikarudi nyumbani upesi upesi.

Nikamkuta Babu hayupo kitini. Yupo kwenye ngazi, kabeba ndoo ya mjane, anapanda anapiga mluzi, na kwenye kila kona anasimama, anashika reli, anabonyeza kifua mahali pale palipokuwa na kitufe. Kumbe! Wiki nzima alikuwa anawafanyia hospitali maonyesho ya moyo wa kijana! Nani alimwambia afanye hivyo? Mimi nilimwambia? Basi, nilimwambia.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu. Nilikuwa sijawahi kuitazama.

Jumatano, 15 Mei

Mtu mjinga angekiri mara moja. Mimi nimetafuta njia ya kati: Babu atulie, halafu mengine tutayaona.

Nimemfichia viatu. Amepanda pekupeku. Nimemwambia vijana wa siku hizi hukaa, ndiyo mtindo. Akasema ndiyo maana hawana kitu. Nimeibeba ndoo ya mjane mwenyewe kabla hajashuka. Babu akaninyang'anya ngazini, tukavutana, ikamwagika yote kwenye chumba cha mita za umeme. Shangazi, aliyekuwa katoka zamu ya kupiga pasi kwa dobi na hajalala, akatokea na fagio. Hakuuliza nani kaanza. Tulipigwa wote wawili, bila ubaguzi.

Baadaye Babu akakaa kitini mwenyewe, anahema, kashika magoti. Akaniuliza kama matokeo yametoka. Nikamwambia bado yanasomwa. Akasema yakitoka nisisahau kumwambia yule mama kwanza.

Alhamisi, 16 Mei

Nitaandika ukweli mtupu. Nilikiri kwa ajili ya upendo. Wembe ulitokea tu kuwa umeshafika.

Nimelazwa kwenye kitanda chembamba, nimevaa kanzu ya hospitali iliyo wazi nyuma, paja nje. Wamenibandika nyaya, moyo ukawa unapiga mbio kwa hofu, Daktari akamwambia muuguzi unaona, si nilisema. Muuguzi akachovya wembe kwenye maji, akasema nisitikisike, anasafisha njia ya waya. Nikamfikiria Babu. Nikaufikiria wembe. Nikamfikiria tena Babu.

Nikapiga kelele kwamba si mimi! Ni Babu! Ni gundi ya makochi!

Muuguzi akasema, bila kushangaa hata chembe, kwamba alikuwa anasubiri tu nifikie hapo. Daktari alisema mengi. Nimeyasahau karibu yote isipokuwa lile la kwamba katika miaka yake yote ya kazi ameona wagonjwa waliodanganya kwa ulimi, lakini hajawahi kumwona aliyedanganya kwa kifua cha mwenzake. Nikashukuru. Akasema haikuwa sifa.

Alinituma nimlete Babu siku hiyo hiyo. Nikamweleza Babu kila kitu nikiwa nimesimama mbali na fimbo yake. Hakunipiga. Aliuliza moja tu: basi sina moyo wa kijana? Nikamwambia anao, ila ni wa kijana kama mimi kabla sijachomwa. Akafikiri. Akasema basi twende, na nimletee lile shati la kola.

Daktari alisema tungechelewa kidogo, lile bonge lingeweza kufika. Kamwanzishia dawa. Kwa hiyo nani kamwokoa Babu? Bila gundi yangu nani angejua? Nimemwambia hivyo Shangazi. Fagio lilikuwa karibu kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 26 Mei

Babu yuko salama. Midomo imerudi rangi yake. Tunakwenda mazoezi ya hospitali pamoja, tunazunguka mstari wa njano. Hapo kwanza alikuwa nyuma yangu. Sasa anatembea sambamba na bibi wa raba nyeupe, wanasimuliana harusi, nami niko nyuma nasikiliza, namaliza sentensi zangu zote kwa sababu naongea peke yangu. Mjane wa ghorofa ya tatu anamletea uji, na anaibeba ndoo yake mwenyewe. Mguu wa Meza ameitanua jezi mpaka namba kumi na moja inasomeka kama geti.

Nimejifunza mengi. Afya ni bora kuliko mpira. Uongo haufai. Daktari ndiye anayejua. Nimemwambia muuguzi yote hayo kwa sauti ya unyenyekevu, hata macho nikayashusha. Akasema ahaa.

Jana ametubandika redio mpya, mimi na Babu, kila mtu ya kwake, hadi Jumamosi jioni. Zikitulia, mimi nitaanza kukimbia kidogo kidogo, na Babu ataruhusiwa kupanda ngazi. Tumeapa mbele yake. Gundi imepigwa marufuku kwa jina.

Sasa Jumamosi hiyo hiyo asubuhi tuna marudiano na watu wa mikate, na Mguu wa Meza anasafiri. Upande wa kushoto utakuwa wazi kabisa. Sikuwa nimemwambia mtu. Lakini mchana huu Babu kanivuta kando koridoni, kachungulia huku na huku, kaninong'oneza kwamba Jumamosi ni siku ya kuzaliwa ya yule mama, ghorofa ya tatu, na yeye kaalikwa, na lifti ya jengo hili haijawahi kuwepo. Akaniuliza, mjukuu wangu, wewe unayeijua mitambo, tufanyeje?

Tukakaa tukawaza. Ndani, Shangazi kamaliza zamu, kalala kwenye kochi nililomtengenezea kwa mkono wangu, anakoroma taratibu, pigo moja moja, hana wasiwasi wa dunia.

Babu akamtazama. Nami nikamtazama.

Kifua kipana. Redio mbili zinatosha, na nafasi ya kikombe inabaki. Nimekwenda kutafuta gundi.